Mashavu ya miguu yanauma: maswali ya wakimbiaji wa Tanga kuhusu mwendo, kukanyaga na misuli

Wengi wanaoacha mbio mwezi wa kwanza hawashindwi na pumzi, wanashindwa na mashavu ya miguu. Nimeliona hili miaka yote niliyokuwa nawaongoza wanaoanza, alfajiri, kutoka Bustani ya Jamhuri kwa Barabara ya Hospitali hadi Raskazone. Mtu anakuja Jumatatu ana furaha, Jumatano anachechemea, wiki ya pili humwoni tena. Inaniuma, maana mara nyingi mtu huyo hakuwa mgonjwa wala dhaifu, ila hakuna aliyemweleza kinachoendelea mguuni mwake. Mimi ni mkimbiaji, si daktari. Pale panapotaka daktari nimesema wazi.

Nimekimbia mara mbili tu, sasa hata kushuka ngazi siwezi. Nimeumia?

Kama miguu yote miwili inauma, maumivu yametapakaa kwenye nyama na yalianza siku iliyofuata, basi hujaumia. Misuli yako imepewa kazi ambayo haikuizoea.

Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Wa juu ndio ule unaotokeza ukisimama kwa vidole, nao umeanzia juu ya goti. Wa pili umelala chini yake, mpana na bapa, umeanzia chini ya goti, na ndio unaofanya kazi nzito zaidi mtu akikimbia. Yote miwili inaungana kwenye kano moja nene, ile unayoweza kuishika kwa vidole viwili nyuma ya kisigino. Kila mguu unapotua, misuli hii inakaza ili kisigino kisibwage chini, na wakati huohuo inavutwa irefuke. Kukaza huku unarefushwa ndiko kunakochubua nyuzi za ndani. Ndiyo maana kushuka ngazi kunauma kuliko kupanda: unaposhuka, shavu linarefushwa tena chini ya uzito wako.

Maumivu ya namna hii huanza baada ya nusu siku au siku nzima, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Watu wanasema ni asidi iliyobaki kwenye misuli. Siyo. Asidi ya laktiki huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza kukimbia, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayokuamsha usiku wa kesho yake.

Nitajuaje kwamba haya si maumivu ya kawaida?

Soma hili polepole tafadhali, hata kama una haraka na mengine.

Maumivu ya ghafla katikati ya mbio, mguu mmoja, kama mtu amekurushia jiwe nyuma ya shavu, ni msuli uliochanika. Wengi hugeuka kuangalia nani kawapiga. Simama hapohapo, usijaribu kumalizia. Ikiwa umesikia mlio nyuma ya kisigino na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo, huenda kano imekatika. Hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo, si ya kukandwa nyumbani.

Shavu la mguu mmoja lililovimba, lina joto, limebadilika rangi na linauma hata ukiwa umekaa, hasa baada ya safari ndefu ya basi au baada ya kulazwa, linaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Usilichue. Nenda Bombo au hospitali iliyo karibu nawe upesi, na ukianza kubanwa kifua au kukosa pumzi usisubiri hata kupambazuke.

Maumivu ya mfupa kwenye muundi, sehemu moja unayoweza kuifunika kwa kidole, yanayozidi kila ukikimbia na baadaye kukusumbua hata usiku, yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Na mguu ukikaza au kufa ganzi kila ukifika umbali uleule, kisha hali hiyo ikaisha ukisimama, mweleze daktari hivyohivyo, ni dalili inayomsaidia.

Kisha kuna lile la kwetu pwani: mwili mzima unauma, kichwa kizito, homa. Usiseme ni mazoezi. Kapime malaria.

Nikanyage kwa kisigino, kwa katikati ya wayo, au kwa mbele?

Swali hili linaongoza kwa kuulizwa, na ndilo lililowaumiza watu wengi kwa kujibiwa kwa mkato.

Hadithi inaanzia kwa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu. Watu wakasema, ona, peku ndiyo asili. Wanasahau kwamba mwaka 1964 huko Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, na muda wake ulikuwa mzuri zaidi: saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature, wakionyesha kwamba wakimbiaji waliozoea peku, wakiwemo vijana wa Kalenjin wa Kenya, mara nyingi hutua kwa mbele, na mshtuko wa kwanza wa kutua unakuwa mdogo. Habari hiyo ilienea dunia nzima, na watu wengi wakavua raba zao.

Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walikwenda kwa Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya, nao ni watu waliokua peku. Wengi wao walipokimbia kwa mwendo wao wa kawaida walitua kwa kisigino, na walielekea kubadilika walipoongeza kasi. Ukiangalia mashindano makubwa ni hivyohivyo. Huko Sapporo, Japani, walipigwa picha wakimbiaji 283 wa nusu marathoni wakipita kilomita ya 15, na takriban watatu kati ya kila wanne walikuwa wakitua kwa kisigino. Katika marathoni za mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, zile ambazo Alphonce Simbu wetu alitwaa shaba kwa upande wa wanaume, walio wengi walikuwa wa kisigino, na wengi hawakubadilika hadi mwisho wa mbio.

Kwa hiyo hakuna sehemu ya wayo iliyo halali na nyingine haramu. Jambo la kujua ni kwamba mzigo haupotei, unahama. Ukitua kwa kisigino, goti linabeba sehemu kubwa. Ukitua kwa mbele, goti linapumua, na shavu pamoja na kano ya kisigino vinabeba kile kilichoachwa. Kano hiyo, mtu anapokimbia, huvutwa kwa nguvu inayoweza kupita mara sita ya uzito wa mwili wake, kila hatua. Ukiihamishia mzigo zaidi ghafla, italalamika.

Ushauri wangu: kama unakimbia kwa kisigino na huna maumivu yanayojirudia, usibadilishe. Kama goti linakusumbua miezi na miezi, kubadilisha kunaweza kukusaidia, ukikubali kwenda taratibu. Na kama mashavu au kano ndiyo yanayokuuma, kuhamia mbele ni kumwaga mafuta ya taa kwenye moto.

Basi niangalie nini, kama si sehemu ya wayo?

Angalia mguu unatua wapi ukilinganisha na mwili wako.

Mwombe mwenzako asimame pembeni na simu, aishike usawa wa kiuno chako, upite mbele yake kwa mwendo wako wa kila siku. Ichezeshe video polepole, isimamishe pale kiatu kinapogusa lami. Kama muundi umesimama wima au karibu na wima, goti limekunjika kidogo na wayo uko karibu chini ya nyonga, uko salama, hata kama kisigino ndicho kilichogusa kwanza. Kama mguu umenyooka mbele kama unataka kupiga mpira na nyayo zinaonekana mpaka chapa ya raba, hapo unajipiga breki kila hatua.

Kuna kijana mmoja tulimpiga video karibu na Hospitali ya Bombo. Alikuwa na hakika anatua kwa mbele, na kweli vidole ndivyo vilivyogusa kwanza, lakini aliurusha mguu mbali mbele huku vidole vimeelekea chini, kama mtu anayepima kina cha maji. Kila hatua shavu lilishikilia mwili mzima peke yake. Tulimwambia jambo moja tu: fupisha hatua. Kisigino kikashuka chenyewe, kikagusa lami kidogo kabla ya kuondoka, na sauti ya raba zake ikabadilika kutoka pwaa, pwaa, ikawa nyepesi kiasi kwamba ungeweza kusikia ndege kwenye miembe. Maumivu yake yalikwisha ndani ya wiki tatu.

Kisigino kushuka baada ya kutua kwa mbele ni muhimu sana. Anayekimbia umbali mrefu huku visigino viko juu muda wote, kama mwizi anayenyata, hampi msuli nafasi ya kulegea hata sekunde.

Sehemu nyingine za mwili nisiziandikie sana: kifua wazi, macho mbele, mabega yashuke, mikono isivuke kifua. Uegemee mbele kidogo kutoka kwenye vifundo vya miguu, usijikunje kiunoni.

Ni kweli lazima nifikishe hatua 180 kwa dakika?

Hapana. Namba hiyo ilitoka kwa kocha Jack Daniels wa Marekani, aliyehesabu hatua za wakimbiaji wa Olimpiki ya 1984 na kuona karibu wote wanafika 180 au kuzidi. Wale walikuwa kwenye mashindano, kwa kasi ambayo mimi na wewe hatuigusi. Hesabu hatua zako za kawaida kwa dakika moja, kisha ongeza asilimia 5 bila kuongeza kasi. Aliyekuwa na 160 ajaribu 168. Hatua zinakuwa fupi zenyewe, na goti na nyonga vinapunguziwa mzigo. Inatosha.

Nimeshaamua kubadilisha. Nianzeje?

Nianze na la kwangu, ili ujue silisemi kutoka vitabuni. Mwaka niliosoma habari za kukimbia kwa mbele niliamua siku moja, nikatoka alfajiri, nikaenda kilomita sita nzima kwa mbele ya wayo, kwenda na kurudi Raskazone. Nilijisikia mwepesi kama swala. Kesho yake asubuhi nilishuka ngazi za nyumba kinyumenyume, nimeshika ukuta, na mke wangu akadhani nimepooza. Wiki ilipopita nikarudi tena kwa kilomita zilezile. Mara ya pili iliyolalamika haikuwa nyama tena, ilikuwa kano, ikiwa ngumu kila asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani. Ilinichukua miezi minne. Misuli huzoea kwa wiki, kano huchukua miezi, na huo ndio mtego: nyama inakwambia uko tayari wakati kano bado.

Kwa hiyo anza na dakika moja ya mwendo mpya ndani ya mbio zako za kawaida, mara nne au tano, na baina yake urudi kwenye mwendo uliouzoea. Fanya hivyo siku mbili kwa wiki, zisifuatane. Ukiona asubuhi inayofuata kano si ngumu, wiki ijayo ongeza dakika chache. Ikiwa ngumu, rudia kiwango kilekile. Wiki ya kubadilisha mwendo usiongeze umbali, usibadilishe na viatu. Jambo moja kwa wakati.

Je, nikimbie peku ufukweni?

Mchanga mkavu unadanganya. Ni laini kwa goti, lakini kisigino kinazama, na shavu linarefushwa zaidi kuliko kwenye lami. Vipimo vilivyofanywa vilionyesha kukimbia kwenye mchanga mkavu kunahitaji nguvu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu kwa kasi ileile. Dakika kumi zinatosha kabisa kwa mara ya kwanza.

Mchanga mgumu wenye unyevu, maji yakiwa yamekupwa, ni mzuri zaidi. Ila siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, kwetu maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri, hivyo saa 12 unakuta ufuko bado mwembamba na umebaki ule mchanga wa juu tu. Na ufuko umeinama kuelekea baharini: ukienda upande mmoja kilomita nzima, mguu wa juu na wa chini havifanyi kazi sawa. Geuka kila baada ya dakika chache. Wanaokwenda Ushongo, Pangani, kwa mapumziko ya wikiendi ndio huniletea kesi nyingi. Wanaona ufuko mrefu, mzuri, wanasahau kurudi.

Angalia vipande vya chupa pia.

Raba gani zinafaa? Nanunua za mtumba.

Mtumba si kosa. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba pembeni: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi, imekufa, hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikiwa imelala upande mmoja, aliyeivaa kabla yako amekuachia mwendo wake.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji, ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Raba nyingi za mbio za zamani zina tofauti ya milimita 10 hadi 12, nyingine za kisasa 4 au hazina kabisa. Ukitoka kwenye 12 ukavaa bapa, kisigino kinashuka zaidi na shavu linavutwa kila hatua, hata kama hujabadilisha chochote kingine. Mtu ananiambia "sijui kwa nini nimeanza kuumwa", namwuliza kuhusu raba, kumbe amenunua mpya Jumamosi. Akina dada mnaovaa viatu virefu kazini siku nzima, jambo hili linawahusu zaidi, kwani shavu limezoea kuwa fupi.

Milima je?

Mji wetu ni tambarare, ndiyo sababu mlima unatukuta hatuna habari. Kupanda kunafanya hata mkimbiaji wa kisigino atue kwa mbele. Mkienda Magoroto kule Muheza, tembeeni sehemu zenye mwinuko mkali mara ya kwanza. Hakuna aibu.

Mwanangu, nina miaka 58, daktari ameniambia nifanye mazoezi. Mashavu yananikaza hata nikitembea haraka. Niache?

Shikamoo mama. Usiache, ila nakuomba kwanza umweleze daktari wako hilo la kukaza, hasa kama una sukari au presha. Shavu linalobana kila ukitembea umbali fulani na kuachia ukisimama linaweza kuwa tatizo la damu kutofika vizuri mguuni, na hilo hupimwa. Akisema mishipa ni mizima, basi ni nguvu ya misuli iliyopungua, ambayo hurudi kwa umri wowote. Tembea dakika tatu, kimbia polepole nusu dakika, na ufanye zoezi lililo hapa chini.

Zoezi lipi linaimarisha shavu?

Simama kwenye ukingo wa ngazi, visigino vikining'inia, shika ukuta. Panda juu kwa vidole, hesabu mbili, shuka polepole ukihesabu tatu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Seti moja goti likiwa limenyooka, kwa ajili ya msuli wa juu, nyingine goti limekunjika kidogo, kwa ajili ya ule wa chini. Anza na miguu yote miwili mara 15, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Ikiwa rahisi, mguu mmoja mmoja. Ukifikisha 25 za mguu mmoja bila kuyumba, mashavu yako yako tayari kwa mengi.

Kwa kano iliyokwishaanza kuuma, Mswidi Håkan Alfredson alichapisha mwaka 1998 utaratibu wa kushuka polepole, seti tatu za mara 15, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Wiki 12, si siku 12. Watu huacha wiki ya tatu, wakasema halifanyi kazi.

Kujinyoosha, kuchua, dawa?

Kujinyoosha kabla ya mbio hakuzuii maumivu ya kesho yake, hilo limepimwa mara nyingi. Tembea haraka dakika tano, inatosha. Kuchua kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu kunatuliza, fanya kwa upole, usimruhusu mtu akubonyeze mpaka utoe machozi.

Dawa za maumivu nazikemea zikimezwa kabla ya kukimbia. Diklofenaki na ibuprofeni, mwili ukiwa umepungukiwa na maji kwa joto hili letu, zinatesa figo, na zinakuficha kengele ambayo ungeihitaji.

La mwisho ni kubwa na halijulikani: siprofloksasini, ile antibiotiki ya sipro ambayo wengi hupewa kwa maambukizi ya mkojo au ya tumbo. Yenyewe na dawa za kundi lake zinaweza kudhoofisha kano ya kisigino hadi ikakatika, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito juu yake mwaka 2008. Kama umeandikiwa, imalize kama ulivyoagizwa, lakini acha kukimbia, na kano ikianza kuuma rudi kwa daktari mara moja.

Ramadhani nakimbiaje?

Nusu saa kabla ya futari, polepole, umbali mfupi, au baada ya tarawehe ukiwa umekunywa maji. Mwezi huu si wa kubadilisha mwendo.

Naweza kukimbia hivyohivyo nikiwa bado nasikia maumivu?

Yakiwa ya miguu yote, yanapungua ukipasha mwili na hayakufanyi uchechemee, kimbia kidogo na polepole. Ukichechemea, hapana, kwa sababu mguu mzima utaanza kulipia ule mbovu. Siku hizo chukua baiskeli. Uko Tanga, hukosi ya kuazima. Weka siti juu, kanyaga pedali kwa katikati ya wayo badala ya vidole, zunguka hadi Sahare na kurudi. Shavu linapata damu bila kupigwa. Kesho asubuhi, ukitoka kitandani, sikiliza hatua kumi za kwanza. Kama ziko laini, tuonane Jamhuri saa 11 na nusu.